Mahari ya Milioni Moja: Baada ya Miaka 20 Itabaki Shilingi Ngapi?



Tunawaandikia kutoka Moshi mjini, ambako sisi ni wanawake wachache wenye chumba kimoja cha cherehani. Tunashona shela, abaya na magauni ya maharusi. Wateja wetu wengine mko huko huko Unguja na Pemba. Nguo zenu zinapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha zinavuka kwa boti. Kwa kazi hii tunakaa na bi harusi katika zile wiki ambazo fedha nyingi hupita mikononi mwake kuliko wakati mwingine wowote wa ujana wake. Tunampima mabega na kiuno, na mazungumzo yanaangukia pale pale: "Mahari yangu niiweke wapi?"

Washauri hawakosekani. Shangazi anasema nunua dhahabu. Kaka anasema kiwanja, ardhi haiozi. Shoga anamvuta kwenye kikundi. Na siku hizi yuko kijana mtanashati mwenye karatasi ya rangi inayoonesha milioni moja ikipanda mlima mpaka kuwa milioni nne na nusu. Kila mmoja ana jambo la kweli kidogo. Lakini hatujamsikia hata mmoja akimwambia bi harusi kitakachobaki mkononi mwake baada ya bei za vitu kupanda, kodi kukatwa na zaka kutolewa.

Maoni yetu ni haya: mwanamke asiweke mahari yake mahali popote kabla ya kupiga hesabu hiyo mwenyewe, kwa mkono wake. Haihitaji chuo. Sisi elimu yetu ni sekondari na kozi ya ushonaji, na tunaipiga kwa kikokotoo cha simu. Karibuni tuipige pamoja.

SHILINGI NI FUTIKAMBA INAYOSINYAA

Fundi akipewa pamba mpya huiloweka kwanza, kisha ndipo anapima na kukata. Akikata kabla ya kuloweka, gauni litakuwa zuri siku ya kwanza na litambana mvaaji baada ya kufuliwa. Fedha nayo ni hivyo. Tunaipima leo kana kwamba haitasinyaa, wakati kila mwaka inasinyaa kidogo.

Kusinyaa huko ndiko kunakoitwa mfumuko wa bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huutangaza kila mwezi, na Zanzibar ina Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inayotoa takwimu zake. Kwa Tanzania Bara miaka ya karibuni mambo yametulia: mwaka 2022 wastani ulikuwa asilimia 4.3, mwaka 2023 asilimia 3.8, mwaka 2024 asilimia 3.1. Lakini tusisahau tulikotoka. Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8. Na mama zetu walioolewa miaka ya 1980 waliishi na mfumuko wa zaidi ya asilimia 20 mwaka hadi mwaka.

Asilimia 4 inasikika ndogo. Ipe miaka. Kuna kanuni nyepesi ya 72: gawa 72 kwa asilimia ya mwaka, utapata miaka ambayo kitu kitachukua kuongezeka mara mbili. 72 gawa kwa 4 ni 18. Yaani kwa mfumuko wa asilimia 4 tu, bei zinakuwa mara mbili katika miaka 18. Binti aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa ndoa, siku unamshonea shela yake, laki moja itanunua kile kilichonunuliwa kwa elfu hamsini alipozaliwa.

Hayo si ya kubuni. Kati ya 2004 na 2024 bei za vitu nchini, kwa jumla, zimepanda zaidi ya mara tatu. Aliyefunga milioni moja kwenye kitambaa mwaka 2004 na kuifungua mwaka 2024 alikuta noti zote zipo, hakuna aliyeiba hata moja, na theluthi mbili ya thamani imeondoka.

MILIONI MOJA, HATUA KWA HATUA

Sasa turudi kwa kijana wa karatasi ya rangi. Tuseme anasema mradi wake unatoa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na faida hiyo hairudi mkononi, inaongezwa kwenye mtaji. Tunachukua milioni moja na miaka 20. Mwenye milioni tano atazidisha kwa tano.

Hatua ya kwanza, hesabu yake yeye. Kila mwaka unazidisha kwa 1.08. Baada ya mara 20 unapata kama 4,661,000. Ndiyo namba iliyo kwenye karatasi yake, na si uongo. Ila haijaisha.

Hatua ya pili, kodi. Faida nyingi za uwekezaji nchini hukatwa kodi ya zuio kabla hazijakufikia. Kwa faida za amana kiwango cha kawaida ni asilimia 10. Kwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ni asilimia 5. Tukichukua 10, faida ya 8 inabaki 7.2. Unazidisha kwa 1.072 mara 20, unapata kama 4,017,000. Angalieni: kodi imekata sehemu moja ya kumi ya faida ya kila mwaka, lakini mwisho wa safari imeondoa zaidi ya laki sita, kwa sababu kila shilingi iliyokatwa mapema imekosa kuzaa kwa miaka yote iliyofuata.

Hatua ya tatu, zaka. Kama jumla ya mali yako imefika nisabu na kupitiwa na mwaka, fedha hiyo ina zaka ya asilimia 2.5. Hatuiiti hasara, a'udhubillah. Ni haki ya wenyewe na ni usafi wa mali yetu. Lakini mwenye kupanga mambo yake huiweka kwenye hesabu kama anavyoweka deni. Sasa kila mwaka unazidisha 1.072 kwa 0.975, unapata 1.0452. Mara 20: kama 2,421,000.

Na mwaka wa zaka ni wa hijria, mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana baadhi ya wanaohesabu kwa kalenda ya kawaida hutumia 2.577 badala ya 2.5. Anayeghafilika na hilo hujikuta na zaka ya mwaka mzima haijatoka kila baada ya miaka 33 hivi.

Hatua ya nne, bei. Kwa mfumuko wa asilimia 4, kitu cha milioni moja leo kitauzwa kama 2,191,000 baada ya miaka 20. Gawa 2,421,000 kwa 2.191. Jibu ni kama 1,105,000.

Dada, soma tena namba hizo kwa utaratibu. Milioni nne na laki sita na ushee kwenye karatasi. Milioni moja na laki moja kwa uwezo wa kununua wa leo. Miaka 20 ya subira imekuongezea laki moja na elfu tano, yaani nusu asilimia kwa mwaka.

Je, basi mradi huo ni mbaya? Hapana. Umehifadhi mahari yako na umetoa zaka miaka yote bila kuipunguza. Iliyofungwa kwenye kitambaa isingefika hata laki tano kwa uwezo wa leo, hata ikihesabiwa kabla ya zaka. Kuhifadhi ni kazi kubwa. Ila bi harusi aliyepangia maisha yake milioni nne na nusu atapata mshtuko, na mshtuko huo utamkuta akiwa na miaka 45, watoto wako shule, na hana miaka 20 mingine ya kuanza upya.

Kutokana na hesabu hiyo tumejiwekea mstari mmoja. Kwa mfumuko wa 4 na zaka ya 2.5, fedha yako inahitaji faida ya kama asilimia 6.7 baada ya kodi ili isimame pale pale ilipo. Kabla ya kodi ya 10, ni kama 7.4. Chini ya hapo unarudi nyuma, hata kama salio linaongezeka kila ukilitazama. Mstari huo tumeuandika kwa chaki ukutani karibu na pasi.

UNA MAKADIRIO, HUNA AHADI

Hakuna ajuaye mfumuko wa miaka 20 ijayo. Benki Kuu inalenga kuuweka kati ya asilimia 3 na 5, na lengo ni lengo. Kwa hiyo piga hesabu mara tatu, kama fundi anayeacha nafasi ya pindo. Kwa mradi ule ule wa asilimia 8, baada ya kodi na zaka: mfumuko ukiwa 3, milioni yako ina uwezo wa kama 1,340,000 ya leo. Ukiwa 4, kama 1,105,000. Ukiwa 6, kama 755,000, yaani umepoteza robo. Mradi ni ule ule, na mwanamke ni yule yule.

Kodi nazo hubadilika. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021, watu wakalia, zikapunguzwa. Aliyekuwa amepanga fedha zake mwaka 2020 hakuwa nazo kwenye hesabu. Na wewe acha pindo.

Zaka pia si 2.5 ya kila kitu. Shamba linahesabiwa kwa mavuno, bidhaa za duka zina utaratibu wake, na hisa zina maelezo yake kwa masheikh. Hapa tumetoa mfano wa fedha taslimu ili hesabu ieleweke. Yako mpelekee mwenye elimu.

KODI INAPOKATA FAIDA AMBAYO HUKUIPATA

Huku kwetu mtu akisema mali, mawazo yanakwenda kwenye ardhi. Kutoka Machame, Kibosho na Uru mpaka Marangu na Rombo, kila ukoo wa Kichagga una kihamba chake, migomba juu na mibuni chini yake. Kihamba kwa desturi hupita kwa watoto wa kiume. Binti wa mlimani huondoka na fedha, nguo na vyombo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na wengi sasa wananunua viwanja kwa majina yao. Tunawapongeza. Lakini hesabu ya kiwanja nayo ina mtego wake.

Tuseme umenunua kiwanja kwa milioni 5 na baada ya miaka 20 unakiuza kwa milioni 12. Mtaa mzima utasema umepata milioni 7. Sheria nayo itasema hivyo hivyo: faida ya kuuza ardhi ina kodi yake, ambayo wengi huiita kodi ya ongezeko la mtaji, na kwa mkazi wa nchini ni asilimia 10 ya faida. Laki 7 hizo. Umebaki na milioni 11.3.

Sasa weka bei. Milioni 5 ya siku uliyonunua, kwa mfumuko wa asilimia 4, inahitaji kuwa kama milioni 10.96 ili inunue vile vile. Kati ya ile milioni 7 ya sifa, kama milioni 6 ni kusinyaa kwa shilingi tu. Lakini kodi imekatwa kwenye milioni 7 yote, kwa sababu kodi huhesabu shilingi za nunua na za uza, haiulizi zilinunua nini. Faida yako ya kweli haifiki laki 4. Dalali akichukua asilimia 5 ya bei, hiyo faida imekwisha na umeingia hasara.

Jambo hili hatulisemi ili mtu akwepe kodi. Kodi inajenga barabara ambazo nguo zetu zinapita. Tunalisema ili ujue kwamba kiwanja kilicholala, kilichozungushiwa seng'enge na kuota majani, kinahitaji kupanda bei kwa kasi zaidi kuliko unavyodhani. Chenye migomba, chumba cha kupangisha au banda la kuku kinakupa kitu kila mwaka huku bei ikipanda, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Nyumba ya kuishi mwenyewe nayo ina nafuu zake katika sheria ya kodi. Kaulizeni ofisi ya TRA iliyo karibu. Huko visiwani ardhi ina sheria zake, ulizeni huko huko kabla ya kusaini.

Wala tusidhani kilichopanda jana kitapanda kesho. Mlima huu ulisomesha watoto kwa kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilianza mwaka 1933, na vizazi viliamini kwamba mbuni ndiyo akiba isiyoshindwa. Bei ya dunia ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna wakulima waliokata mibuni na kupanda mahindi na nyanya. Mti ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kile ambacho mti ule uliweza kununua.

SHANGAZI NA DHAHABU YAKE

Shangazi anastahili heshima yake. Mwaka 2004 wakia moja ya dhahabu duniani ilikuwa kama dola 410 kwa wastani. Mwaka 2024 ilikuwa kama dola 2,400. Na dola yenyewe ilitoka kama shilingi 1,100 mpaka kama 2,600. Ukizidisha, dhahabu kwa shilingi imepanda zaidi ya mara kumi katika muda ambao bei za vitu zilipanda zaidi ya mara tatu. Shangazi aliyezika bangili zake amewashinda wengi wenye suti.

Lakini mwambieni pia habari hii. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850, kisha ikaanguka, na haikuiona tena bei hiyo mpaka Januari 2008. Miaka 28. Na kutoka karibu dola 1,900 mwaka 2011 ilishuka mpaka chini ya 1,100 mwishoni mwa 2015. Bi harusi aliyenunua kilele na akahitaji kuuza miaka minne baadaye aliumia.

Tena bangili si dhahabu tupu. Unalipa ujira wa sonara, na siku ya kuuza sonara anakulipa uzito tu. Hiyo ni pengo la siku ya kwanza. Kuhusu zaka, katika madhehebu ya Imam Shafii, tuliyozoea pwani na visiwani, pambo la kuvaliwa kwa kawaida lina nafuu; Mahanafi wanalitolea zaka. Iliyowekwa kuwa akiba ni jambo jingine. Nisabu ni kama gramu 85. Pima, andika, uliza.

MAHARI INAYOBAKI KUWA DENI

Hapa ndipo penye uchungu wetu hasa, na ndipo tunapotaka bi harusi asimame kidogo.

Mahari nyingi hazilipwi zote siku ya nikahi. Sehemu inatangulia, sehemu inabaki deni mpaka siku ya talaka au mauti. Sehemu hiyo iliyobaki haina faida, haina kodi, haina mradi. Ni namba kwenye karatasi. Na kwa kuwa ni namba ya shilingi, kusinyaa kunaila yote bila kupingwa na chochote.

Chukueni laki 2 iliyoandikwa mwaka 2004. Kwa wastani wa mwaka huo, laki 2 ingenunua kama gramu 14 za dhahabu safi. Mjane anayelipwa laki 2 ile ile mwaka 2024 amepata gramu 1. Aliyelipa amelipa kilichoandikwa, hakuna aliyedhulumu kwa makusudi, na mwanamke ameondoka na pete isiyotimia.

Surat An-Nisaa imeifanya mahari kuwa haki ya mwanamke mwenyewe. Tunaona ni halali kabisa kwa bi harusi na walii wake kusema: ile sehemu itakayobaki deni, iandikwe kwa gramu za dhahabu. Si jambo geni katika umma. Iran mwaka 1997 waliongeza katika sheria yao kwamba mahari iliyotajwa kwa fedha ihesabiwe upya kwa kupanda kwa bei siku ya kulipwa. Sisi hatuhitaji hata kusubiri sheria; kalamu ya siku ya nikahi inatosha, na sheikh anayefungisha atawaongoza katika maneno yake.

Hatusemi mkomoe waume. Dhahabu inaweza kupanda kuliko uwezo wa mtu, na mahari nyepesi ina baraka. Basi andikeni gramu chache. Gramu 5 zinazobaki gramu 5 ni bora kwa pande zote mbili kuliko milioni ya jina. Na bora zaidi, ilipwe yote mapema, mke aanze kuifanyia kazi akiwa kijana.

WANAOTUAMBIA TUNAHESABU SANA

Tunasikia maneno mawili. La kwanza: riziki iko kwa Allah, mwanamke wa dini hakai na kikokotoo. Tunajibu kwa adabu. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipanga miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame, akapima na kuhifadhi. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta agizo la Sayyidna Umar kwa wenye kushika mali za mayatima, kwamba waifanyie biashara, zaka isije ikaimaliza. Hebu tazameni: hiyo ndiyo hesabu yetu ya hatua ya tatu, karne nyingi kabla ya simu. Mali inayokaa bila kazi hupungua, na mwenye amana alitakiwa alijue hilo.

Agizo hilo linatuhusu sana. Wangapi kati yetu tumeachiwa fedha za watoto wa marehemu kaka au dada? Kuirudisha namba ile ile baada ya miaka 15, kwa mtoto ambaye sasa hawezi kununulia hata nusu ya alichoachiwa, ni jambo la kuogopa.

La pili: matunzo ni ya mume, mke ana haja gani? Ni kweli matunzo ni ya mume, na mali ya mke ni yake. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake na akaitumia katika kheri kubwa kuliko zote. Na mume naye ni binadamu, anaugua, anafariki, anafilisika. Siku hiyo mke mwenye hesabu ndiye anayemfunika mwenzake.

KABLA HUJAKATA KITAMBAA

Kuna milango zaidi leo kuliko walivyokuwa nayo mama zetu. Amana Bank, benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, ilianza mwaka 2011. Benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk yake mwaka 2025. Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa likiuza hisa tangu 1998, na mkazi mwenye hisa chache hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji akiziuza pale, ingawa muumini lazima achague, maana bia na sigara nazo zimo sokoni humo. Majirani zetu wasio Waislamu hapa Moshi wanaweka pia kwenye hati fungani za Serikali. Sisi tunajizuia na riba, basi ni lazima tuwe wahesabuji zaidi, maana milango yetu ni michache.

Uhalali kwanza, kisha hesabu. Kitu kuwa halali hakukifanyi kuwa na faida, na jina la Kiarabu kwenye karatasi halizuii bei kupanda.

Ukimkuta mtu anayetaka fedha yako, muulize kwa utulivu. Faida hiyo ni ya miaka iliyopita au ni ahadi? Imekatwa kodi au bado? Ada yenu ni kiasi gani kwa mwaka? Nikitaka kutoka kabla ya muda, ninapoteza nini? Kisha nenda nyumbani, zidisha, gawa, na uandike jibu kwa lugha ya vitu: magunia ya mchele, ada ya shule, gramu, mita za kitambaa. Akikuharakisha, mwache.

Na hesabu yako ya bei iwe yako. Mwenye watoto watano shuleni mfumuko wake si wa mwenye duka asiye na mtoto. Andika leo bei za vitu kumi unavyonunua kila mwezi, weka tarehe, zikunje ndani ya msahafu wako au kwenye sanduku la shela. Mwakani andika tena. Baada ya miaka mitatu utakuwa na kipimo kinachoifahamu nyumba yako kuliko takwimu za nchi nzima.

Bi harusi unayesoma haya usiku huu na nikahi ni Ijumaa: mahari yako bado haijatumika, na ile inayobaki deni bado haijaandikwa. Mpigie baba au walii wako kesho asubuhi. Mwambie unataka kujua itaandikwa kwa shilingi au kwa gramu.

Allah atubarikie katika vichache na vingi, atukinge na riba na dhuluma, na azifanye ndoa zenu ziwe za utulivu na huruma. Wabillahi tawfiq.